Geji ya joto la oili inarukaruka? Nimeifunga hii ya bei poa kwenye Forester, nikuoneshe nilichokikuta

Haya wakuu, habari za saa hizi, karibuni tena hapa gereji ya nyumbani, leo naharakisha kidogo maana jua linazama, ila giza lenyewe nalihitaji mwishoni, mtaona kwa nini.

Hii hapa mkononi ndo yenyewe, geji ya joto la oili, ya kidijitali, kioo cha milimita 52 kama geji nyingi za ziada. Ndani ya boksi unapewa geji, sensa moja, waya, na hii sahani ya alumini inayokaa katikati ya injini na filta ya oili, sensa unaifungia hapa ubavuni, uzi wake ni wa robo ya nusu inchi, yaani 1/8. Nimeinunua Kariakoo 85,000, jina silitaji, na hata ningetaka sijui ningetaja lipi maana boksi limeandikwa jina moja na karatasi ya ndani jingine kabisa 😂

Gari ni hii Subaru Forester SG5, injini ni EJ20 isiyo na turbo, oili inakunywa lita 4 na kitu. Kwa nini nilihangaika na geji? Mlima Kitonga. Nilikuwa napanda kwenda Iringa, mbele malori yanatembea kama yanasindikiza msiba, AC inawaka, nyuma nimepakia hadi nusu ya kioo, sindano ya joto kwenye dashibodi imetulia katikati kabisa lakini harufu ya injini inakwambia mzee huku sio salama. Na lazima ujue kitu kimoja, ile sindano ya dashibodi inasoma maji sio oili, halafu gari nyingi za siku hizi wameitengeneza itulie katikati hata joto likipanda na kushuka nyuzi kadhaa, ili wewe usiogope. Kwa hiyo ikianza kusogea ujue shughuli ishakuwa kubwa.

Sasa nimefunga, siku ya kwanza raha tupu, nyuzi 95, 97, 96. Siku ya pili jioni natoka kazini nawasha taa za mbele, pap, 118. Nikashtuka nikapaki pembeni, nazima taa, 97. Nikaondoka, nikaingia kwenye tuta pale karibu na nyumbani, ikashuka 61 halafu ikarudi 96. Yaani oili imepoa nyuzi 35 kwenye tuta na ikapata moto tena kabla sijabadilisha gia?

Hapa ndo nataka utulie unisikilize maana watu wengi wanabadilisha oili, wanabadilisha pampu, wanafungua injini, kumbe tatizo waya wa 500. Chukua lita 4 za oili, ni kama kilo 3 na nusu. Kuipandisha nyuzi 20 tu, birika la umeme la wati 2,000 lingehitaji dakika moja na zaidi, na hapo hujahesabu chuma cha injini kinachoizunguka. Oili ni nzito kwa mambo ya joto, inapanda polepole na inashuka polepole. Kwa hiyo namba ikiruka nyuzi 20 ndani ya kufumba na kufumbua, oili haihusiki kabisa, hapo unatafuta umeme. Ikipanda na kushuka kwa dakika tano, dakika kumi, hiyo sawa, hapo oili inasema kweli na unatafuta kwenye injini.

Ya kwangu ilikuwa ya umeme, na zilikuwa kasoro mbili, sio moja.

Ya kwanza hii ya taa. Fundi umeme aliyenifungia, kijana mzuri tu sina ugomvi naye, ethi ya geji, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, aliiunga kwenye waya wa ethi wa taa, huu hapa, mnauona alivyousokota na kuufunga tepu? Sasa ukiwasha taa umeme mwingi unarudi kwa njia hiyo hiyo, geji inajiona iko kwenye sifuri kumbe imenyanyuliwa. Nilichukua mita, pini nyeusi kwenye hasi ya betri, pini nyekundu kwenye ethi ya geji, taa zimezimwa nasoma 0.01, nawasha taa inapanda hadi 0.25 volti. Utaona ni kidogo, robo volti, lakini sensa hii ikishapata moto inafanya kazi kwenye volti ndogo sana, ukiiba robo hapo geji inaona kama joto limepanda nyuzi 20. Sensa zenyewe za aina hii ukinzani wake unapungua kadiri joto linavyopanda, usisahau hilo, linakuja kutusaidia sasa hivi.

Ya pili ni ile ya tuta. Sensa hii ina waya mmoja tu, ethi yake inapita kwenye mwili wake mwenyewe, kwenye uzi, inaingia kwenye sahani halafu injini. Na jamaa ili oili isivuje kaizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, sio raundi mbili, ile ni kama kafunga kidonda. Nikapima kutoka mwili wa sensa hadi kwenye bloku ya injini, inatakiwa isome karibu na sifuri, yangu inacheza cheza, mara omu 5, mara 200, mara imekata kabisa ukiigusa kwa kidole. Ukinzani umeongezeka, geji inadhani oili imepoa, ndo 61 yako hiyo. Nimeitoa tepu yote, nimepaka kidogo tu gundi ya uzi chini, zile kama nyuzi mbili za mwanzo nimeziacha wazi ziumane na alumini, na haivuji, wiki ya pili sasa.

Kabla sijairudisha nikaijaribu kwenye maji ya moto, na hili ni jaribio ambalo kila anayenunua geji ya bei ya chini ningemwomba alifanye kabla hajafunga. Sufuria, maji yachemke kweli kweli, unaichovya sensa ncha tu huku mwili wake umeuunga na waya hadi kwenye ethi, hapa Dar inatakiwa isome 100. Yangu imesoma 97, nimeipa alama nzuri tu kwa bei yake. Ila kama uko Iringa au Nairobi usije ukairudisha dukani ukasema mbovu, huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Sufuria chukua la zamani, mi nimechukua zima na bado kuna kesi ndani.

Sasa wewe ambaye namba yako hairukiruki hivyo, inapanda na kushuka taratibu, usiguse waya. Anza na kijiti cha oili, asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare. Oili ikiwa pungufu ile kidogo iliyobaki inapata moto haraka na kupoa haraka, na kama sensa yako imefungwa kwenye nati ya sampu, ile ya kumwagia oili chini ya injini, badala ya sahani, kwenye kona kali inaweza kubaki hewani. Mi siipendi nati ya sampu kwanza, kwa barabara zetu hizi sensa inaning'inia chini kabisa inasubiri jiwe.

Halafu thermostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Hii nchi mafundi wanang'oa thermostati kama wanang'oa jino bovu, "injini itapoa vizuri bosi". Nimeliona kwenye gari ya shemeji, EJ hiyo hiyo, barabara kuu asubuhi oili iko 70, anaingia foleni ya Ubungo inapanda 100, akitoka inashuka tena, siku nzima ni hivyo. Oili ya 70 safari nzima sio sifa, unyevu haukauki, unakuta ule uji wa maziwa chini ya kifuniko cha oili na mtu anaambiwa gasketi imekufa. Tumemfungia thermostati orijino, imetulia. Wale waliofunga kipoza oili kisicho na thermostati yake dalili ni hizo hizo.

Kwa kawaida mi ningependa kuiona kati ya 90 na 110, mlimani na mzigo 120 siogopi, ikigusa 130 na kukaa hapo napunguza mwendo na kuzima AC. Na asubuhi usishangae maji yakiwa tayari na oili bado iko 50, ndo ilivyo, oili inachelewa.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, 20,000 tu. Ninacho, hiki hapa. Joto la maji kwangu kinasoma, la oili kinaniletea vistari, kwa sababu gari haina sensa ya oili, simu haiwezi kubuni. Gari mpya zaidi jaribu hicho kwanza, ingawa baadhi namba hiyo kompyuta inaipiga hesabu tu, haipimi. Na ile bastola ya kupima homa iliyobaki tangu enzi za corona weka chini, haifiki huko, inaishia kwenye arobaini na kitu.

Geji yenyewe? Kioo kinasomeka hata juani, sahani imechongwa vizuri, oringi yake laini mno, mi nimenunua nyingine. Waya za ethi ni nyembamba, na karatasi ya maelekezo haisemi popote ethi uipeleke wapi, hapo wamenikera. Kwa anayebeba mzigo au anayepanda milima nunua, wa Mbezi–Posta kila siku hiyo 85,000 weka oili nzuri.

Haya, giza limeingia. Ethi nimeipeleka moja kwa moja kwenye bodi ya gari, bolti yake peke yake, rangi nimekwangua. Injini iko moto. 96. Nawasha taa... 96. Fulu... 96. Feni ya AC, namba ya mwisho... 97. Nazima zote... 97. Mita inasema 0.02.