Betri ya gari kwa joto la Mtwara: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Betri nyingi hapa Mtwara zinakufa kwa joto na mtikisiko, kwa hiyo muuzaji akianza kukusifia CCA kubwa, ile nguvu ya kuwasha gari kwenye baridi kali, mwitikie tu halafu muulize betri imetengenezwa lini. Baridi gani Mikindani? Mwenye dizeli sawa, injini yake nzito kuizungusha, ila wewe wa Noah ya petroli hela hiyo tafutia betri ambayo haijakaa sana dukani.

Mimi yalinikuta msimu wa korosho. Nilinunua betri duka moja hapa mjini, inang'aa, nailoni haijatoka, nikaondoka nayo kwenda Tandahimba, nafika Nanyamba nimesimama kunywa chai, kurudi kuwasha gari tik tik tik basi. Vijana wa bodaboda ndio walionisukuma. Kumbe ilikaa kwenye shelfu miezi na miezi bila kuchajiwa, na betri ya risasi ikikaa imeishiwa chaji sahani zake za ndani zinaota salfeti, yaani ukoko mgumu, hata uichaji vipi hairudi kama ilivyokuwa. Siku hizi naenda dukani na multimita yangu, kile kipimo cha umeme. Ikisoma volti 12.6 naichukua, 12.4 naomba nyingine, chini ya hapo naaga.

Namba moja kwangu ni MF, ile ya kufungwa ambayo watu wanaiita betri kavu japo ndani ina asidi kama kawaida. Haiombi maji na mafundi wote wanaijua. Chunga saizi tu, soma maandishi ya ile unayotoa, mfano 55D23L, hiyo 23 ni urefu kwa sentimita na L ni upande ilipo chanya. Ukibeba R waya haufiki, fundi ataigeuza kwa nguvu, halafu siku boneti inagusa chanya utaniambia.

Namba mbili AGM. Asidi yake imenywewa na nyuzi za glasi kwa hiyo haichuruziki ovyo, na mashimo ya barabarani inayavumilia kuliko zingine, ila bei inaweza kufika mara mbili ya MF. Kama gari lako ni la mbio basi hii inapanda namba moja bila ubishi, maana kwenye mbio watu wanahamishia betri nyuma ili wagawe uzito, na inakuwa mbali na joto la injini pia, sasa ikikaa chumba kimoja na dereva gari likapinduka hutaki asidi imwagike. Iweke kwenye boksi, ibane kwa chuma na bolti (sio mpira wa tyubu jamani, naona mnavyofanya), na weka swichi ya kukata umeme wote ambayo hata mtu aliye nje anaifikia.

Betri ya maji naiweka ya tatu. Bei nafuu, inafaa Fuso na wenye nidhamu ya kufungua vifuniko kila baada ya wiki mbili tatu. Ongeza maji ya betri tu. Ya kisima hapana, asidi pia hapana, kinachopungua ni maji.

Mwisho lithiamu. Ni nyepesi ajabu, ya gari la mbio unaipata chini ya kilo 5 wakati ya kawaida inacheza kwenye 15, ila inataka chaja yake na haipendi kukaa jirani na injini inayochemka. Kama huhesabu sekunde, achana nayo. Na zile betri za mtumba zilizokufa zikaamshwa tena sizipangi hata namba.

Kufunga ni spana namba 10 mara nyingi. Kutoa anza na hasi, kurudisha anza na chanya, na betri ibane isicheze hata kidogo. Huku pwani vichwa vya betri vinaota ukungu mweupe au wa kijani haraka, osha kwa magadi soda na maji ya moto, kausha, paka grisi kidogo. Kisha washa gari upime tena, inatakiwa isome volti kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona imeganda palepale 12.6 au inashuka, shida iko kwenye alternata, ile inayochaji betri gari likiwaka, au mkanda wake, usirudi dukani kununua betri nyingine.