Yoga ya mtandaoni wakati wa kemo: uzoefu wangu, Kigoma

Uchovu wa kemo, yaani dawa kali za saratani, hauishi kwa kulala. Hapa Mwanga nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na kila aliyekuja kunijulia hali aliniambia, "Pumzika, mama." Nikapumzika mpaka kufika chooni ikawa safari. Daktari wangu Mwanza ndiye aliyesema nianze mazoezi mepesi. Kumbe hata ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2022 kinashauri mazoezi wakati matibabu yanaendelea, kwa sababu yanapunguza uchovu huo.

Binti yangu akanitafutia mtandaoni masomo ya bure ya yoga kwa wagonjwa wa saratani, yanatoka Uingereza. Yaliyonifaa hasa ni ya kwenye kiti. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, nyayo chini, unainua mikono ukivuta pumzi, unaishusha ukiitoa, unazungusha mabega, unasimama, unakaa tena. Dakika 10 tu. Mwalimu anaanza kwa kuuliza leo una nguvu kiasi gani, na wa kitandani naye ana somo lake. Siku za mwanzo baada ya dripu nilifanya la pumzi peke yake. Wiki ya tatu, kabla sijarudi Mwanza, nilikwenda sokoni kwa miguu nikachagua migebuka mwenyewe. Nililia kwa furaha.

Mama mkwe aliuliza kama hiyo yoga ni ibada. Nikamkalisha tukafanya pamoja. Siku hizi ananikumbusha yeye.

Masomo ya moja kwa moja siyapendekezi kwetu: mtandao unakatika, na saa 12 jioni ya kwao huku ni saa 2 au 3 usiku, nimeshachoka. Pakua video kwa bando la usiku. Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo binti alinieleza kwanza, kisha nikafuata kwa macho.

Mwalimu wa kwenye simu hakuoni. Mimi nimefanyiwa upasuaji wa titi, hivyo nilimuuliza nesi mkono niuinue hadi wapi. Paclitaxel, dawa yangu ya kemo, imenitia ganzi miguuni, kwa hiyo nikisimama nashika ukuta. Damu ikiwa imepungua, muulize daktari kabla ya kuanza. Na joto la mwili likifika nyuzi 38, acha yote uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.