Nyota tatu na nusu: shule ya kijana wangu na hii maneno ya "kuja na mzazi"

Wazazi wenzangu mnaotafuta shule ya kibinafsi huku upande wa Thika Road, hii sitaitaja jina ju kijana wangu bado ako hapo Gredi 7, lakini niwaambie venye wanashughulikia utundu maanake siku ya kuandikisha mtoto sisi huuliza fii na gari tu.

Kwanza sifa zao. Kule alitoka tulikuwa tunaitwa kwa kila kitu. Amepiga kelele, njoo. Amesahau sweta, njoo. Mimi nauza mitumba Gikomba, asubuhi ndio soko, nikifunga nikaambiwe mtoto amerushia mwenzake raba hiyo siku imeenda. Hapa vitu ndogo mwalimu wa darasa anamalizana na yeye, anaandika kwa daiari, unatia sahihi, kwisha. Na hawachapi. Mtasema hiyo ni lazima ju kiboko kilipigwa marufuku 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inasema mwalimu anaweza pigwa faini hadi shilingi 100,000 ama afungwe hadi miezi sita, lakini si sote tunajua shule zenye kipande ya mpaipu bado iko kwa droo ya dipyuti?

Siku watoto walipigana kwa choo na mmoja akavunjika jino, nilipigiwa simu kabla ya lanchi. Hapo heko.

Sasa shida. Muhula wa pili kijana alianza kulala darasani. Akasimamishwa nyuma, akatumwa kunawa uso, akanyimwa mpira, wiki tatu hivyo na mimi sina habari, kwa daiari hakuna kitu. Naitwa siku amemjibu mwalimu vibaya. Kufika ofisini dipyuti ananifungulia kitabu, tarehe tisa zimepangwa, ananiambia huyu amekuwa jeuri. Nikamuuliza swali moja tu, gari yenu inamchukua saa ngapi? Kimya. Sisi tulikuwa tumehamia Githurai, na dereva wao alikuwa anaanza na yeye saa kumi na moja kasoro dakika kumi, giza totoro, honi kwa geti, soja anamulika na tochi, halafu wanazunguka Kahawa yote na Zimmerman ndio wafike shule saa moja. Mtoto wa miaka kumi na mbili! Walibadilisha ruti siku hiyo hiyo, sasa anachukuliwa saa kumi na mbili kasoro robo, na kulala kuliisha.

Hiyo wiki tatu ingekuwa simu ya dakika mbili. Kelele ya siku moja mkae nayo, sitaki hata kuisikia, lakini mtoto mwenye alikuwa sawa akibadilika ghafla, kitu moja irudie mara tatu kwa wiki, nipigie hata kama hajavunja dirisha, na usiniite shule, nipigie nikiwa hapo kwa kibanda.

Dipyuti alimwomba kijana msamaha mbele yangu. Sijawahi ona mwalimu akifanya hivyo, hiyo ndio imewapatia nusu nyota. Githeri yao ya Jumatano ni mahindi tupu, maharagwe utahesabu.