GetTor: ukitaka Tor Browser na tovuti yao haifunguki, pitia huku

Wadau, toka X ifungwe hapa Tanzania Mei 2025 hakuna grupu la WhatsApp ambalo mtu hajatupia faili la apk (la kuweka programu kwenye simu), eti VPN ya bure ya kuifungulia X, wekeni haraka. Mdogo wangu aliweka moja, nikaichukua simu nikaangalia ruhusa, inaomba kusoma meseji na namba zote za kwenye simu. Jamani, meseji zako inazitakia nini wakati namba za uthibitisho za benki zinaingia humo humo? Nikaifuta pale pale.

Mimi nilitaka Tor Browser (kivinjari cha bure kinachoficha unakotokea na kufungua tovuti zilizofungwa) kwenye laptopu na tovuti yao ikagoma kabisa kufunguka, ndo nikajaribu GetTor, huduma yao ya kukutumia linki za kushushia kwa imeili. Unatuma imeili kwenda gettor@torproject.org, ndani unaandika Windows basi (au macOS, au Linux), huna haja ya salamu maana anayejibu ni mashine. Jibu likaja na linki za kushushia sehemu nyingine, faili la sahihi (la kuthibitisha kwamba limetoka kwao kweli), alama za kutambulisha ufunguo wa sahihi hiyo, na hashi, yaani mstari wa kuhakikia kwamba faili halijabadilishwa. Bando liliniuma kidogo, faili ni karibu MB 100.

Sasa hapa ndo naomba msiruke. Kabla ya kulifungua nilienda kwenye kile kiboksi cheusi cha amri cha Windows (Command Prompt), nikaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, ukatoka mstari wa herufi na tarakimu 64, nikaulinganisha na wa kwenye imeili nne nne kwa kidole mpaka mwisho. Ikipishana hata moja futa. Kuhakiki lile faili la sahihi kwa programu iitwayo GPG ni bora zaidi, ila lazima uwe umeiweka.

Kasoro zipo. Tor Browser ni nzito, kwa sababu kila kitu kinapita vituo vitatu vya mtandao wa Tor, video utasubiri sana. Kwangu iligoma kuunganisha mpaka nilipochagua Snowflake (njia ya Tor ya kukwepa kizuizi) kwenye mipangilio. Na ukiingia akaunti yenye jina lako, hao wenye akaunti bado wanakujua ni wewe. Halafu intaneti ikizimwa yote kama Oktoba 29, 2025 haisaidii kitu, na imeili yenyewe haitoki, kwa hiyo shusha mapema mambo yakiwa shwari.

Nyota nne kati ya tano kwangu. Faili na sahihi yake nimeviweka kwenye flashi, dada kaja kunakili juzi na nimemkalisha akahakiki mwenyewe kwenye laptopu yake, imechukua dakika kumi tu.