Kushusha random_page_cost ya PostgreSQL hadi 1.1: uzoefu wangu

Uliza popote kwa nini kweri (ombi la data) kwenye hifadhidata ya PostgreSQL inasoma jedwali zima ilhali indeksi ipo, na jibu la kwanza ni lile lile: weka random_page_cost, yaani gharama ambayo kipangaji cha kweri hukadiria kwa kusoma ukurasa wa kurukia, iwe 1.1, SSD haina kichwa cha kuhamahama juu ya sahani. Nimelitumia badiliko hili kwenye seva zenye NVMe (SSD ya kasi) ndani yake na kwenye seva za wingu zenye diski ya mtandao. Za kwanza nazipa alama 4 kwa 5. Za pili, 2, na hizo kwa huruma.

Namba hii si milisekunde, ni uwiano. Kwa chaguo-msingi, ukurasa (kipande cha data kinachosomwa kwa mara moja) unaosomwa kwa mfululizo una gharama 1.0, wa kurukia una 4.0, kila rekodi 0.01. Nyaraka za PostgreSQL zinaeleza kwamba 4.0 inachukulia kuruka ni ghali mara 40 lakini asilimia 90 ya kurasa hizo zitakutwa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo anayesema "data yangu nyingi iko RAM" ajue kwamba sehemu ya hoja yake imeshahesabiwa.

Chukua jedwali la rekodi milioni 10 katika kurasa 100,000, kama MB 781, maana ukurasa ni KB 8. Kulisoma lote ni 100,000 × 1.0, ongeza 10,000,000 × 0.01: jumla 200,000. Hash Join, yaani kuunganisha majedwali kwa kusoma hili lote mara moja, inapandisha hadi 225,000 na ushee. Sasa kuna rekodi 40,000 za kuunganishwa nalo, na data imetawanyika. Kwa Nested Loop, inayotafuta kila rekodi kupitia indeksi, kipangaji kinakadiria kugusa kurasa 56,000 hivi, za jedwali na za indeksi. Kwa 4.0 hizo ni 224,000 kabla ya CPU, na Hash Join inashinda kwa pua. Kwa 1.1 ni 61,600. Hapo hakuna mashindano tena.

Swali ni kama diski yako inakubaliana na hesabu hiyo. gp3, diski ya mtandao ya wingu la AWS, kwa kiwango chake cha msingi, inatoa operesheni 3,000 na MB 125 kwa sekunde. MB 125 ni kurasa 16,000 za mfululizo. Gawanya kwa 3,000, unapata 5.3. Yaani data ikiwa haimo kwenye kumbukumbu, ile 4.0 "ya kizamani" iko karibu na ukweli kuliko 1.1. Jedwali letu linasomwa lote kwa sekunde 6 na kitu. Zile kurasa 56,000 za kurukia zinataka sekunde 19, na hapo foleni ya diski iwe imejaa muda wote. Haijai: Index Scan huomba ukurasa, hungoja, ndipo iombe mwingine. Kila ombi likichukua milisekunde 1, ni sekunde 56. Bitmap Heap Scan, inayoorodhesha kurasa kwanza ndipo izisome, ina nafuu kwa sababu huagiza kurasa mapema kupitia mpangilio wa effective_io_concurrency. Kwenye diski za namna hii mimi huanza na 2.0, na sishuki bila kipimo.

Kabla ya kugusa chochote, endesha EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), inayoonyesha mpango wa kweri na matokeo yake, na ulinganishe rekodi zilizokadiriwa na zilizopatikana, ukikumbuka kwamba zote mbili ni za mzunguko mmoja; jumla hupatikana kwa kuzidisha na loops. Makadirio yakisema 1 na zikatoka 30,000, tatizo si gharama, na 1.1 italifanya baya zaidi kwa kukivutia kipangaji kwenye Nested Loop. Tibu takwimu kwanza: ANALYZE, kisha SET STATISTICS 500 kwa safu yenye thamani zisizolingana, kisha CREATE STATISTICS kwa safu zinazotegemeana, kama mkoa na wilaya, na ANALYZE tena ili zifanye kazi. Nusu ya watu wanaotaka kubadilisha gharama wangeishia hapa.

Ukiendelea, jaribu ndani ya muamala mmoja: BEGIN, SET LOCAL random_page_cost = 1.1, EXPLAIN, ROLLBACK. Washa track_io_timing, inayopima muda wa kusoma na kuandika. Angalia "read" (kurasa zilizosomwa kutoka nje) dhidi ya "hit" (zilizokutwa kwenye kumbukumbu ya PostgreSQL), kwa kuwa jaribio la pili hukuta kurasa zimeshapashwa moto na kila mpango unaonekana wa kasi. Hata "read" huenda ilitoka kwenye kumbukumbu ya mfumo endeshi, si diskini.

Mtego mwingine ni JIT, yaani kugeuza sehemu za kweri kuwa msimbo wa mashine wakati wa kuiendesha, ambayo iliwashwa kwa chaguo-msingi kuanzia toleo la 12 na huanza gharama ikizidi 100,000. Ukishusha random_page_cost, kweri inaweza kuteremka chini ya mstari huo, JIT ikazimika, na kasi ikaongezeka bila indeksi kuhusika. Pima pia na jit = off, usije ukaipa random_page_cost sifa isiyo yake.

Si lazima namba moja itawale seva nzima. ALTER TABLESPACE (tablespace ni mahali diskini majedwali yanapohifadhiwa) inapokea random_page_cost yake, hivyo majedwali yaliyo kwenye NVMe yapewe 1.1 na data ya zamani iliyo kwenye diski ya polepole ibaki na 4.0. ALTER ROLE inafaa kwa mtumiaji wa ripoti.

Kurudi nyuma ni ALTER SYSTEM RESET random_page_cost, kisha SELECT pg_reload_conf(), seva haizimwi. Ila miunganisho iliyokwisha kuhifadhi mpango wa jumla wa kauli zilizoandaliwa (prepared statements) itaendelea na mpango wa zamani. Iendeshee DISCARD PLANS, au ifunge na kuifungua upya kwenye bwawa la miunganisho, ndipo upime.