Hariri ya kutengenezea karatasi: uanze na ipi, ipi uiache

Wengi tunaanza na kile kiboksi cha "vifaa kamili". Na mi nilianza hivyo hivyo: ndani nikakuta nyuzi kiganja kimoja, brashi inayomwaga nywele, kichupa cha gundi na rangi sita ambazo tano sijazigusa mpaka leo. Kwa hiyo hela yako weka kwenye hariri, hayo mengine yapo mtaani kwako.

Kwa asiyejua, hii karatasi haisagwi ikawa uji kama ile ya makaratasi chakavu. Unatandaza nyuzi juu ya wavu, tabaka la kwanza wima, la pili kwa kukatiza, la tatu wima tena, unafunika na wavu mwingine, unalowesha kwa maji yenye tone la sabuni (bila sabuni hariri kavu inayakataa maji, yanateleza tu juu), unakamua kwa taulo, unapaka gundi pande zote mbili, unaanika. Ikikauka unabandua.

Namba moja kwa anayeanza ni hariri ya mforsadi iliyochanwa, ile ya kiwavi Bombyx mori. Inauzwa kama mkia mrefu mweupe unaong'aa, nyuzi zote zimelala upande mmoja, yani unavuta kidogo kidogo na zenyewe zinachomoka nyembamba kama manyoya. Chukua gramu 50, nyeupe, sio iliyotiwa rangi. Karatasi ya A4 mi inanila gramu 10 hivi, kwa hiyo hapo una za kuharibu na za kupatia. Ila mikono yako iwe laini aisee, nyuzi zinanasa kwenye kila gamba la kidole, mi huwa napaka mafuta usiku kabla ya kulala.

Ya pili ni tussah, ya viwavi wa nondo wa porini, wale wa Asia wanaokula zaidi majani ya mialoni. Ina rangi ya asali, mng'ao wake umepoa kidogo, nyuzi nene zaidi. Mi binafsi ndio naipenda kuliko zote, kwa kava la daftari au kivuli cha taa haina mpinzani, ila ukitaka rangi ya waridi mpauko itakuangusha maana ule udhahabu unabaki chini.

Ya tatu ni vifuko vyenyewe vya kiwavi. Hivi bado vina serisini, utomvu wa kiwavi mwenyewe, ambao ni kama robo ya uzito wa hariri mbichi, kwa hiyo unalowesha, unapiga pasi ya moto, vinashikana bila gundi. Pale Nairobi icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, kimefundisha wakulima kufuga viwavi wa hariri, basi kama unamjua mfugaji muulizie vile ambavyo nondo ameshatoboa akatoka, havifai tena kuvutwa uzi mrefu lakini kwako ni mali. Nimeviweka namba tatu kwa sababu kuvichambua tabaka tabaka kunachosha mno.

Zile leso za hariri, mraba uliovutwa kutoka kwenye vifuko, zina nguvu balaa lakini kuzisawazisha shughuli. Na mabaki ya kiwandani, yale yaliyojisokota, nunua kidogo ya urembo wa juu tu.

Gundi: midiamu ya akriliki ya kitambaa (ule uji mweupe wa kuchanganyia rangi za kuchorea nguo) ndio bora, karatasi inavumilia maji. Ile ya unga ya kubandikia karatasi za ukutani ni rahisi na inabaki laini, ila ikilowa inaachia. Gundi nyeupe ya shule ukiizimua inafanya kazi, karatasi inakakamaa tu.

Wavu chukua wa dirishani, ule wa mbu. Chandarua chenye dawa hapana, mikono yako inashinda humo kwenye maji.

Halafu bei ikiwa ya kutupa, shtuka. Choma uzi mmoja: hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika, ikinuka karatasi ni viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na miti), ikiyeyuka ikawa kidonge kigumu hiyo ni plastiki, mrudishie mwenyewe.