Sola juu ya paa la trela ya kambi: uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa kwa wasiopenda kusoma marefu: paneli za sola juu ya paa la trela zinafaa sana, mi siwezi tena kurudi kwenye yale maisha ya kupanga safari kwa kufuata soketi ya umeme iko wapi. Ila zile wati zilizoandikwa nyuma ya paneli usizipigie hesabu kama zilivyo maana hutaziona, na kama una hela ya kuongeza kitu kimoja tu usikimbilie kununua paneli ya tatu, tazama kwanza betri na kontrola yako (kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri) ikoje.

Mfumo wangu ni wa kawaida tu. Paneli 2 za wati 100 kila moja, zile ngumu zenye fremu ya alumini, kontrola ya ampea 30 ya aina ya MPPT (nitaieleza chini), betri moja ya lithiamu (LiFePO4) ya ampea-saa (Ah) 100. Vinavyokula umeme ni friji ya kompresa ya volti 12, taa za LED, pampu ya maji, feni ndogo na simu za familia nzima. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi ya nyumbani, ipo lakini muda mwingi imezimwa, nitaeleza kwa nini.

Kuhusu hizo wati. Paneli inapimwa kwenye mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba huku seli zikiwa na joto la nyuzi 25 tu, sasa juu ya paa la trela saa saba mchana seli zinafika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi inayozidi 25 inapunguza nguvu kama asilimia 0.4 hivi, yaani jua likiwa kali sana ndo paneli nayo inachoka kwa joto. Halafu zimelala bapa, jua la asubuhi na la jioni linazigusa kwa ubavu. Kwa hiyo siku safi isiyo na wingu naona ampea 10 au 11 zikiingia mchana, na kutwa nzima nahesabu wati-saa 700 hivi. Friji inavuta wati 45 hadi 60 ikiwa inaunguruma, na inaunguruma theluthi mpaka nusu ya muda kutegemea joto, basi piga hesabu mwenyewe utaona siku za joto kali friji peke yake inaweza kumeza karibu kila kilichoingia. Ndo maana nasema anza na friji, hayo mengine, taa sijui simu, ni vitu vidogo kabisa.

Sasa kivuli. Hapa watu wengi hawaambiwi ukweli wakati wa kununua. Kwenye paa langu kuna kifuniko cha tundu la hewa, nikikifungua kinasimama wima, na ikifika alasiri kivuli chake kinaangukia kona ya paneli ya nyuma, kipande kidogo tu hakizidi ukubwa wa daftari. Nikiwa nimeshika simu naangalia programu ya kontrola naona ampea 7 zinashuka mpaka 3 na nusu hapohapo, nafunga kifuniko zinarudi. Paneli nzima inagoma kwa sababu ya kona! Sababu ni kwamba seli 36 za ndani zimeungwa kwa mfuatano, moja ikizibwa inawabana wenzake, sawasawa na bomba la maji likikanyagwa sehemu moja. Ndo maana zangu mbili nimeziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili moja ikipata kivuli nyingine iendelee na kazi yake. Na kabla hujatoboa paa panda juu uangalie vivuli vya antena, vifuniko na kiyoyozi vinalala wapi asubuhi na jioni, siyo mchana tu.

Kuna huu mvutano pia ambao hauishi: wewe unataka kuegesha chini ya mti upate ubaridi, paneli inataka jua. Mi nimeumaliza kwa kuongeza paneli moja ya kukunja yenye waya mrefu mnene, trela inakaa kivulini, ile paneli naitandaza juani na naigeuza kufuata jua. Paneli hiyo moja iliyoinamishwa vizuri inanipa zaidi ya zile mbili za paa zikiwa chini ya matawi, na sitii chumvi.

Betri ndo kitu kilichobadilisha kila kitu kwangu. Kabla nilikuwa na betri ya asidi ya Ah 100, na ile ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia, tena asilimia 20 za mwisho inazipokea polepole mno, jua linazama haijajaa na paneli zinakaa bure. Lithiamu inapokea kwa nguvu karibu mpaka mwisho, unaitumia mpaka asilimia 80 au 90 bila wasiwasi, na uzito wake ni kilo 12 hivi wakati ile ya asidi inakaribia 30, kwenye trela kilo hizo si mchezo. Angalizo moja: lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa hiyo ukipiga kambi kwenye baridi kali chukua yenye ulinzi wa kujikata au yenye kipasha joto chake ndani.

Kontrola nayo usibane matumizi. Ile ya bei rahisi ya PWM inaishusha paneli mpaka volti za betri, paneli inayotoa ampea 5.5 kwa volti 18 unaipata kwa volti 13, zinabaki wati 72 hivi, nyingine zimepotea hewani. MPPT inazigeuza zile volti za ziada kuwa ampea. Kuunga anza na betri kwenye kontrola ndo ufuate paneli, kutoa ni kinyume chake, na fyuzi ikae karibu na betri kabisa.

Inveta naizima kwa sababu hata isipobeba kitu inakula. Na birika la umeme la wati 1500 linavuta ampea zaidi ya 120 kwenye betri, achana nalo, chemsha kwa gesi.

Kufunga paneli kwenye paa: acha nafasi ya sentimita 3 au 4 kati ya paneli na paa hewa ipite, tumia waya wa milimita 6 za mraba, kila tundu la skrubu lizibwe na gundi ya poliurethani. Baada ya barabara mbovu panda ukague skrubu. Vumbi nalifuta asubuhi na mapema kukiwa bado na umande, kitambaa tu kinatosha.

Mawingu yakishika mfululizo sola inaanguka mpaka robo au chini ya hapo, hapo nategemea chaja ya DC kwa DC inayochaji betri ya trela kutoka kwenye gari tukiwa njiani. Na kama we ni wa kulala usiku mmoja kesho unaendesha tena, sikushauri hata uguse paa, nunua hiyo chaja tu inakutosha. Sola ni ya anayekaa sehemu moja siku tatu nne na kuendelea.